Somo: Kupima uelewa wa mtoto mchanga ambaye mwili wake umechelewa

Wazazi wanaoleta watoto kwenye mazoezi ya viungo hapa Mwanza huuliza atakaa lini, atasimama lini. Swali la akili wanalimeza, maana mtaani wameshajibiwa: hajakaa, basi hana akili. Hukumu hiyo inaniuma. Waliomhukumu wamepima miguu na mikono tu. Hata kipimo cha Bayley, cha kupima maendeleo ya watoto wadogo, kinachotumika nchi nyingi, kina sehemu ya uelewa iliyotengwa na ya mwili, lakini baadhi ya majaribio yake ya uelewa bado yanamtaka mtoto ashike kitu au avute kitambaa. Asiyeweza kushika hukosa alama, ingawa jibu analo.

Hatua zifuatazo unaweza kuzifanya nyumbani. Hazichukui nafasi ya daktari; zinakupa cha kumweleza.

1. Sahihisha umri. Aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 32 aliwahi wiki 8, kwa hiyo kadi ikisema miezi 8, mlinganishe na wa miezi 6. Endelea hivyo mpaka miaka 2.

2. Macho na masikio yapimwe kwanza. Manjano kali ya siku za mwanzo na homa ya uti wa mgongo zinaweza kuharibu usikivu. Mtoto asiyesikia hawezi kugeuka akiitwa, hata awe na akili kiasi gani.

3. Mkao. Mpakate, mgongo uegemee kifua chako, kichwa kiwe katikati, nyonga na magoti yakunjwe kidogo. Mtoto anayepigana na shingo yake hana nguvu ya kufikiri jambo lingine. Awe ameshiba na hana usingizi. Kama anatumia dawa ya degedege, chagua saa ambayo haijamlegeza.

4. Soma macho. Hapa usiharakishe. Mwonyeshe kikombe kimoja, kiondoe, kirudishe, mara kadhaa, mpaka akichoke na kutazama kando. Kisha mwonyeshe kijiko. Macho yakichangamka, ujue amekikumbuka kikombe na ametambua kwamba hiki ni kitu kingine. Mwaka 1964 Robert Fantz wa Marekani alionyesha kwamba watoto wachanga hupunguza kutazama picha waliyoizoea na kukazia mpya. Hawakuhitaji kunyoosha hata kidole.

Baadaye ficha kijiko chini ya moja ya kanga mbili, huku anaona. Watoto wengi wa miezi 8 au 9 huifunua. Wako asipoweza, angalia anakazia ipi, halafu badilisha upande. Jaribu pia kumfungia njuga kwenye kiungo anachokimudu, hata kama ni mguu mmoja. Akigundua kwamba yeye ndiye anayeiliza, atarudia kwa makusudi.

Na msubiri! Baada ya kila jaribio hesabu kimoyomoyo hadi kumi, hata zaidi. Mwili uliokaza hujibu kwa kuchelewa, na wengi wetu huondoa kitu jibu likiwa njiani.

5. Andika, rudia siku nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama, Igoma: Wangu ana makengeza, macho hayatulii. Nitajuaje?

Jibu: Pole, mama. Tazama dalili nyingine: anatulia ghafla, anabadili pumzi, anatabasamu, anafungua mdomo akiona bakuli la uji. Ikijirudia kwa jambo lilelile, hilo ni jibu.

Mhudumu wa afya ya jamii, Ukerewe: Je, tuwaambie wazazi kwamba akili ni nzima?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kati ya watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani ambao ubongo unashindwa kuuongoza mwili vizuri, takriban nusu wana ulemavu wa akili pia. Sema ulichokiona: "Amekifuata kijiko kilipofichwa." Usiahidi, usihukumu.

Baba, Kirumba: Nisubiri hadi lini kabla ya hospitali?

Jibu: Usisubiri, baba, kama amefika miezi 3 hatazami uso wa mtu, hashtuki kwa sauti kubwa, au amepoteza alichokuwa anakiweza. Akijikunja ghafla kwa mfululizo, hasa anapoamka, mpeleke siku hiyohiyo. Inaweza kuwa aina ya kifafa inayoharibu uelewa haraka. Mrekodi kwa simu ili daktari aone. Kwa mengine anzia kliniki yako, uombe rufaa ya Bugando au Sekou Toure, na ubebe daftari lako.