SN1 na SN2 kwa macho yako mwenyewe, tyubu sita tu

Wadau wa kemia, hii mada ya SN1 na SN2 (njia mbili za kuitoa halojeni kwenye kaboni na kuweka kitu kingine) inawatesa watu bure, mtu anakariri mishale ya kuonyesha elektroni zinavyohama wiki nzima halafu akipewa alkili halaidi (mnyororo wa kaboni wenye halojeni kama bromini) asiyoijua anakwama. Mimi nashinda maabara, na nimeona mwanafunzi akishaona mashapo (unga usioyeyuka) yanatokea mbele yake haulizi tena. Tufanye basi.

Andaa 1-bromobyutani (praimari), 2-bromobyutani (sekondari) na 2-bromo-2-methilipropani (teshiari). Tofauti ni moja: ile kaboni iliyoshika bromini imezungukwa na kaboni ngapi, moja, mbili au tatu.

Hatua ya 1: tyubu. Hapa ndo wengi wanaharibu. Tatu za kwanza suuza na asetoni zikauke kabisaaa, sababu sodiamu bromaidi, ndo mashapo ya hatua ya 2, haiyeyuki kwenye asetoni ila kwenye maji inayeyuka fasta, kwahiyo zikiwa na unyevu mashapo huyaoni. Tatu za pili suuza na maji yaliyotoneshwa kisha ethanoli, usitumie ya bomba. Kuna siku darasa zima lilishangilia "imetoka!" kabla hata hatujaweka halaidi, kumbe ni kloraidi ya maji ya bomba imekutana na silva naitreti, ile ya hatua ya 3.

Hatua ya 2: weka mililita 2 za sodiamu ayodaidi kwenye asetoni (gramu 15 kwa mililita 100), kila tyubu matone 2 ya halaidi yake, tikisa, angalia saa. Praimari inatoa unga mweupe ndani ya dakika chache, unashuka taratibu kama vumbi. Sekondari mara nyingi mpaka uipashe kwenye maji ya nyuzi 50, usizidishe, asetoni inachemka kwa 56, na moto wa wazi weka mbali kabisa. Teshiari kwenye joto la kawaida imetulia tu. Ayodaidi inaingia kwa nyuma ya bromini wakati huohuo bromini inatoka, sasa kwa teshiari huko nyuma kumejaa, haipiti. Hiyo ni SN2.

Hatua ya 3: vaa glovu, silva naitreti inaacha madoa meusi kwenye ngozi siku kadhaa. Mililita 2 za myeyusho wa asilimia 1 kwenye ethanoli, tone 1 la halaidi. Matokeo yanageuka! Teshiari hapohapo mashapo ya rangi ya krimu, sekondari unasubiri, praimari mpaka upashe. Silva inaivuta bromini ikatoke kwanza, kaboni inabaki na chaji chanya, na zile kaboni tatu za pembeni zinasaidia kuibeba. Hiyo ni SN1.

Na jamani, ile namba 1 au 2 kwenye jina sio idadi ya hatua! Wanakemia Hughes na Ingold, London miaka ya 1930, walikuwa wanapima kasi, namba inahesabu molekyuli zinazohusika kwenye hatua ya polepole. Ndo maana SN1 ina hatua mbili na SN2 ina moja. Hapo maksi nyingi zinapotea.

Ukibakiwa na muda jaribu bromobenzini kwenye zote mbili, haitoi kitu hata ukipasha, bromini imekaa kwenye pete ya benzini. Mwaga kila kitu kwenye chupa ya taka za halojeni, sinki hapana.