Usifungue ukurasa wa kuingia ndani ya WebView

Wadau wa programu za simu, juzi hapa Ngamiani, Tanga, kaniita jamaa mwenye duka. Wateja wake, ndani ya programu ya duka, wakibonyeza "Ingia kwa Google" wanakutana na kosa la disallowed_useragent. Keshaanza kulaumu bando. Bando halina kosa.

Aliyemtengenezea programu alifungua ukurasa wa kuingia ndani ya WebView, yaani kivinjari kidogo kilichopachikwa ndani ya programu yenyewe, na Google walishaziba njia hiyo tangu 2017. Wana haki. Programu yenye WebView inaweza kupenyeza JavaScript ikasoma nywila herufi kwa herufi, na mtumiaji haoni anwani ya tovuti, hajui yuko kwa Google au kwa tapeli. Tena WebView haitumii vidakuzi (cookies) vya Chrome, vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, kwa hiyo aliyekwisha kuingia kwenye kivinjari anaandika nywila upya. Mama muuza samaki pale Deep Sea, mikono imelowa, hapo umeshampoteza.

Kwenye Android tumia Custom Tabs, kwenye iPhone ASWebAuthenticationSession; zote hufungua ukurasa kwa kivinjari halisi cha simu. Weka na PKCE, siri ya muda ambayo programu yako huitunga kila mtu anapoingia, maana programu nyingine ikisajili kiungo kilekile cha kumrudisha mtumiaji kutoka Google inaweza kuudaka msimbo wako wa kuingia. Bila siri ya PKCE hautaifaa kitu. Maktaba ya AppAuth, ya bure, inakufanyia karibu yote hayo.

Kuna wanaobadilisha utambulisho wa WebView ijifanye Chrome. Nami niliwahi, nakiri. Inakubali mpaka siku inapogoma, na hiyo siku huwa Ijumaa jioni.