Namna ya Kuzisoma Riwaya za Karne ya 19: Uliza Mali Imetoka Wapi

Wasomaji wengi wa Unguja na Pemba, hata wale wanaokijua Kiingereza vizuri, huanza riwaya ya karne ya 19 kwa hamu kisha wakaiweka chini kabla ya kufika sura ya kumi. Sababu inayotolewa ni ugumu wa lugha, lakini naamini lugha ni sehemu ndogo ya tatizo. Msomaji amekwenda kutafuta mapenzi, na mwandishi anamzungumzia pato la mwaka, wasia, madeni na mawakili, hivyo msomaji huona anacheleweshwa, ilhali hayo anayoyaruka ndiyo yanayoamua nani atamuoa nani na nani atalala njaa. Atakayeingia katika riwaya hizi kwa mlango wa mali, mirathi na ndoa ataona kwamba anazungumziwa mambo ambayo kila ukoo visiwani humu umewahi kuyakalia kikao.

Kwanza chagua kitabu cha kiasi. Les Misérables ya Victor Hugo, iliyotoka mwaka 1862, ni kazi kubwa kwa kila maana ya neno, na haifai kuwa ya kwanza. Anza na Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813) au Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847). Hakikisha nakala yako ni kamili, kwa sababu matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya skuli hubakisha kisa na kupunguza maelezo, na bila ya maelezo hayo kisa chenyewe hakieleweki. Haki miliki za vitabu hivi zimekwisha zamani, kwa hiyo unaweza kuvipakua bila malipo katika tovuti ya Project Gutenberg na kuvisoma katika simu.

Kisha chukua daftari, na kila kiasi cha fedha kinapotajwa kiandike pamoja na jina la mwenye nacho na njia aliyokipatia. Katika Pride and Prejudice utaandika mapema kwamba Bwana Bennet ana pato la pauni 2,000 kwa mwaka, ana mke na mabinti watano, na hana mtoto wa kiume. Mali yake imefungwa kwa sharti la kurithiwa na mwanamume tu, na mrithi ni jamaa wa mbali, Bwana Collins. Hapo simama kidogo ufanye hesabu ya mirathi ya Kiislamu kama tunavyoijua sisi. Mke angepata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, mabinti watano wangegawana thuluthi mbili, na kama Bwana Collins angethibitika kuwa ndiye asaba wa karibu, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba, angepata kilichobaki, yaani sehemu 5 kati ya 24. Katika kitabu, Bwana Collins anapata nyumba na ardhi yote. Ukishaiona tofauti hiyo kwa tarakimu, hutamcheka tena Bibi Bennet kwa pirikapirika zake za kuwatafutia binti zake waume. Utamwona mama anayejua kwamba siku mumewe akifa, wanawake sita watatolewa nje. Wanaofahamu wakfu uliowekwa kwa ajili ya ukoo wataelewa upesi zaidi jinsi sharti la mtu mmoja linavyoweza kuwafunga wajukuu asiowajua.

Jane Eyre inastahili muda zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo riwaya ya karne hiyo inayomfaa kuliko zote msomaji wa hapa. Soma sura ya kwanza mara mbili. Mtoto yatima amejificha nyuma ya pazia jekundu, dirishani, akitazama kitabu cha ndege. Binamu yake, John Reed, anamtafuta, na anapotoka anamwambia kwamba hana haki ya kugusa vitabu vya nyumba ile kwa kuwa ni mtu wa kulishwa ambaye baba yake hakumwachia kitu, kisha anamtupia kitabu kile kile, naye anaanguka, kichwa kinagonga mlango na kutoka damu. Katika tukio hilo fupi umekwishapewa riwaya yote: nani ana mali, nani hana, na asiye nayo anaweza kutendwa nini ndani ya nyumba ya jamaa zake mwenyewe. Ukimaliza, isome pamoja nayo Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), inayomhusu binti anayedhulumiwa katika mali ya baba yake, ili umwone mwandishi wa Zanzibar akiikabili dhuluma ya aina hiyo hiyo kwa macho ya kwetu.

Endelea na daftari. Jane anapokuwa mwalimu wa mtoto katika nyumba ya Thornfield, mshahara wake ni pauni 30 kwa mwaka. Bertha, mwanamke aliyefungiwa ghorofani, aliolewa na Bwana Rochester, mwenye nyumba hiyo, akiwa na pauni 30,000, na baadaye Jane mwenyewe anaachiwa na ami yake aliyeishi Madeira pauni 20,000. Gawa kwa mshahara: mali ya Bertha ni mshahara wa Jane wa miaka elfu moja. Zingatia pia upande ambao fedha zinaelekea. Kwetu mahari hutolewa na mwanamume na kuwa mali ya mke, lakini katika kitabu hiki mali inatoka kwa familia ya mwanamke kwenda kwa mume, na sheria ya Uingereza ilianza kumpa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe kwa sheria za mwaka 1870 na 1882 tu. Kwa hiyo Jane anaporithi kabla ya kuolewa, akagawana na binamu zake watatu kila mmoja akapata pauni 5,000, anatenda jambo ambalo mke wa mtu asingeweza kulitenda kwa hiari yake.

Swali litakaloulizwa na karibu kila msomaji wa Zanzibar ni kwa nini Rochester hakumpa Bertha talaka, au hakuoa mke wa pili kwa uwazi badala ya kumdanganya Jane hadi arusi ikavunjika kanisani. Swali hili lisipuuzwe. Jibu lake la kisheria ni kwamba ndoa ya Kikristo ilikuwa ya mke mmoja, na kabla ya mwaka 1857 talaka kamili Uingereza ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa kila ndoa, jambo la gharama kubwa. Jibu la kibinadamu litafuteni wenyewe, na mkilitafuta msimsahau Bertha, ambaye hapewi nafasi hata ya kusema neno moja la kujitetea.

Daftari lako likifika hapo litakuwa limekwisha kuonesha jambo jingine: sehemu kubwa ya fedha hizi inatoka mbali. Baba yake Bertha alikuwa tajiri wa Jamaica. Katika Mansfield Park ya Austen (1814), Sir Thomas Bertram ana mashamba Antigua, na Fanny, mpwa wa mkewe anayelelewa nyumbani mwake, anapomuuliza kuhusu biashara ya watumwa, chumba kizima kinanyamaza. Msomaji anayeishi karibu na mashamba ya karafuu ana wajibu wa kuusikia ukimya huo. Jane Eyre ilipotoka, Seyyid Said alikuwa akitawala hapa na karafuu zikichumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliondolewa uhalali wake hapa mwaka 1897. Isome Mansfield Park sambamba na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978). Austen anatupeleka ukumbini mwa mwenye mashamba. Adam Shafi anatupeleka kwa Kijakazi, anayeitumikia kasri.

Kuhusu mwendo wa kusoma, usijilazimishe kumaliza haraka. Great Expectations ya Charles Dickens ilitoka kwa sehemu 36 za kila wiki katika jarida lake, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, na wasomaji wake wa kwanza walikaa wiki nzima wakibishana kabla ya kupata sehemu iliyofuata. Fanyeni hivyo hivyo. Kikundi cha watu watano au sita kikutane barazani baada ya Isha mara moja kwa wiki, kwa sura mbili. Anayekijua Kiingereza zaidi asome kwa sauti, na mwengine asimulie kwa Kiswahili kabla ya mjadala. Watu waliozoea kusikiliza tenzi zikisomwa hawatahitaji kufundishwa namna ya kumsikiliza Dickens. Katika riwaya hii chanzo cha mali ya kijana Pip ndiyo siri yenyewe, kwa hiyo atakayesoma mbele asiwaambie wenzake.

Mkifika kwa Warusi, kwa mfano Crime and Punishment ya Fyodor Dostoevsky (1866), majina yasiwatishe. Jina la kati ni la baba: Rodion Romanovich ni Rodion bin Roman, na dada yake, Avdotya Romanovna, ni Avdotya binti Roman, ingawa nyumbani huitwa Dunya. Andikeni jina kamili na la utani mstari mmoja, na nusu ya ugumu itaondoka.

Lipo jambo moja la kufanya mkimaliza Great Expectations. Dickens aliandika mwisho mmoja, kisha akaubadilisha kabla ya kuuchapisha kwa ushauri wa rafiki yake, mwandishi Edward Bulwer-Lytton. Ule wa kwanza ulikuja kujulikana baada ya kifo chake, katika kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na John Forster. Tafuteni nakala yenye miisho yote miwili, isomeni kwa sauti usiku mmoja, na kila mtu aeleze, kwa kutumia yaliyomo katika daftari lake, ni upi unaomstahili Pip.