Somo: Majilio nyumbani na watoto wadogo, toka mshumaa wa kwanza hadi Mamajusi

Kila Novemba naulizwa yale yale faraghani kuhusu Majilio, kipindi cha kungoja Krismasi. Leo nayaweka hapa, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo tu.

1. Tarehe. Toka 25 Desemba rudi nyuma Jumapili nne. Krismasi ikiangukia Jumapili, hiyo usiihesabu. Mwaka 2026 tunaanza 29 Novemba.

2. Vifaa: mishumaa minne, sinia la bati, mchanga, majani mabichi. Mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi.

3. Jaza mchanga kwenye sinia, simika mishumaa, majani yazunguke kwa nje, mbali na moto. Badilisha majani kila wiki, maana makavu hushika moto mara moja. Kiberiti ni cha mtu mzima. Kuzima ni kwa mtoto, kwa zamu, la sivyo mtagombana hadi Pasaka.

4. Kila jioni kabla ya chakula: washa, soma, imba ubeti mmoja, mtoto aombe kwa maneno yake, zima. Dakika tano zinatosha. Wiki ya kwanza Isaya 9:2-7, ya pili Luka 1:26-38, ya tatu Luka 1:39-56, ya nne Mathayo 1:18-25. Mistari miwili mitatu kwa jioni. Usihubiri.

5. Pango, yaani sanamu ndogo za kuzaliwa kwa Yesu. Watoto wafinyange wenyewe kwa udongo. Ng'ombe akifanana na kiboko, mwache. Mamajusi waanzie dirishani, wasogee kidogo kidogo, wafike horini 6 Januari.

6. Unyasi wa hori. Hapa soma polepole. Hori linabaki tupu, na mtoto akitenda jema anaweka unyasi mmoja ili Mtoto Yesu apate pa kulala usiku wa tarehe 24. Mwaka wa kwanza niliwaambia waniambie wametenda nini ndipo waweke. Ikawa kesi kila jioni: huyu kaosha kikombe kimoja kadai nyasi tatu, yule kachomoa za mwenzake kazitupa nje. Kwa hiyo: unyasi unawekwa kimya kimya, hauhesabiwi, na HAUONDOLEWI kama adhabu. Ukishauondoa mara moja tu, hori limegeuka fimbo. Na wewe mzazi weka wako, wakuone ukiweka ila wasijue kwa nini. Mkesha, kabla ya kumlaza Mtoto, someni Luka 2:1-20.

MASWALI

Swali: Inaanza lini?
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Mishumaa ya rangi huku kwetu haipatikani.
Jibu: Chukua myeupe ya dukani, funga utepe chini kabisa, uutoe mshumaa ukifupika.

Swali: Haya si ya Wakatoliki? Sisi ni Walutheri.
Jibu: Ndugu yangu, shada la mishumaa linahusishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mjini Hamburg mwaka 1839. Alikuwa akilea watoto maskini, akatundika gurudumu la mkokoteni lenye mishumaa ili wahesabu siku za kungoja. Wakatoliki walilipokea baadaye. Pango ndilo la Mtakatifu Fransisko, aliyelitengeneza Greccio, Italia, 1223. Sasa chagua utakaloacha.

Swali: Dada, kwa nini mmoja ni wa waridi? Binti yangu wa miaka mitano kaniuliza nikakosa jibu.
Jibu: Mpe hongera! Huo ni wa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha, inayochukua jina lake kwenye Wafilipi 4:4. Zambarau ni rangi ya kujiandaa na toba. Siku hiyo padre naye huweza kuvaa waridi, mwambie binti aangalie altareni. Sisi jioni hiyo tunakaanga maandazi na kupeleka sahani kwa jirani.

Swali: Naweza kuruka sala nibaki na mishumaa? Watoto hawatulii.
Jibu: Basi subiri umeme ukatike, utapata hiyo hiyo. Wakichachamaa, fupisha: mstari mmoja na Baba Yetu.

Swali: Nta imemwagikia kitambaa cha meza, kinatoka?
Jibu: Iache ikauke, kwangua, weka karatasi ya kaki juu na chini, pitisha pasi ya vuguvugu.

Nyongeza toka kwa mwanachama: ukikosa kaki, gazeti linafaa, ila siyo kwenye kitambaa cheupe, wino unahamia.
Jibu: Kweli kabisa. Na maandazi ni ya iliki au nazi? Maana huku kwetu tunagombana.