Kumfundisha mtoto mwenye disleksia kusoma saa

Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, hukwama kwenye saa ya ukutani si kwa uvivu. Saa inamdai mengi kwa mpigo: atofautishe mishale, akumbuke mpangilio wa namba, ahesabu kwa tano, ajue kulia na kushoto. Nasi tunaosema Kiswahili tunamwongezea jingine: mshale uko kwenye 7, tunataka aseme saa moja. Kwa hiyo mimi hufundisha kipande kimoja kimoja, na siendi mbele kabla cha kwanza hakijakaa.

Hatua ya 1: Tengenezeni saa pamoja. Kata duara la boksi, kubwa kama sahani. Pembeni andika 1 hadi 12 kwa rangi nyeusi. Kwa ndani, andika saa ya Kiswahili kwa nyekundu: penye 7 weka 1, penye 8 weka 2, hadi umalize. Pigia mstari chini ya 6 na 9 asizichanganye. Kisha mpe rula aipitishe katikati ya duara: ikianzia 7 nyeusi inafikia 1 nyeusi, ikianzia 10 inafikia 4. Saa tunayoitaja siku zote iko upande wa pili, mkabala na mshale mfupi. Hilo mtoto analiona kwa macho, halazimiki kulikariri.

Hatua ya 2: Mshale mfupi peke yake. Uwe mwekundu, na mrefu usiwepo kabisa. Chora mistari kutoka katikati hadi kwenye kila namba, ili kila saa ipate chumba chake. Mshale ukiwa popote ndani ya chumba cha 2 nyekundu, yaani kati ya 2 na 3, bado ni saa mbili. Hapa kaeni sana, maana makosa mengi huzaliwa mshale unapokuwa kati ya namba mbili. Muulize: “Ni saa mbili na kidogo, au inakaribia saa tatu?” Jibu la kukadiria linatosha. Ambatanisha na siku yake: saa ya kwenda shule, ya chakula, ya kulala.

Hatua ya 3: Mshale mrefu. Huu uwe wa bluu, na dakika ziandikwe kwa bluu ukingoni: 5, 10, 15 na kuendelea. Anza na kamili, kisha nusu, kisha na robo.

Hatua ya 4: Kasoro. Iwe ya mwisho, kwa sababu inamtaka ahesabu kurudi nyuma na kutaja saa ambayo haijafika. Paka nusu ya kushoto rangi hafifu. Mshale mrefu ukiingia humo, atazame chumba kinachofuata. Kabla hajafika hapo, “saa mbili na dakika arobaini na tano” ni jibu sahihi. Lipokee, usimsahihishe kuwa ni saa tatu kasorobo.

Saa ya simu isubiri. Ikifika zamu yake, iweke kwenye mfumo wa saa 12, si 24. Akiona 8:45, atafute 8 nyeusi kwenye boksi lake, asome nyekundu iliyo upande wake wa ndani. Kwenye somo la Kiingereza atasoma ile nyeusi.