Unapolazimika kuwaita polisi kwa ndugu mwenye ugonjwa wa akili

Hapa Tabora, usiku ambao ndugu amezidiwa na familia imeshindwa kumfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, wengi wetu hukimbilia polisi. Mengi huamuliwa kabla askari hawajashuka kwenye gari.

Unapopiga 112, neno la kwanza liwe "mgonjwa". Ukianza na "kuna mtu anatishia watu", watakuja wamejiandaa kukabiliana na mhalifu. Eleza anaugua nini, ameacha dawa tangu lini, na kama ameshika panga sema wazi, kwani askari anayekuta silaha asiyoambiwa hushtuka, na mshtuko ndio unaoinua kirungu.

Wakiwa njiani, ondoa mchi, jembe na visu, zima redio, na uwaombe majirani waliojaa uani warudi kwao. Wapokee barabarani ukiwa na daftari la kliniki mkononi. Letu hukaa ndani ya mfuko wa nailoni, limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Waombe askari mmoja tu azungumze, kwa sauti ya chini na kwa jina ambalo mgonjwa amezoea kuitwa, kwa sababu asiyetii amri huenda anasikia sauti nyingine tano zinazomwamuru kinyume chake.

Ikibidi ashikwe, msisitize asilazwe kifudifudi huku mtu amemkalia au kumwekea goti mgongoni: kifua hubanwa, pumzi hukatika, naye aweza kufa katika dakika chache. Anayenyamaza ghafla hajatii. Mgeuzeni ubavu mara moja na mwangalie kama anapumua. Kamba za viwikoni, ambazo sungusungu wetu wamezizoea mno, hukata damu na kuharibu neva za mikono.

Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza kumtesa au kumdhalilisha mtu, na ugonjwa haumwondolei haki hiyo. Omba apelekwe hospitali, si mahabusu, nawe panda naye gari hilo hilo.

Akiwa amejeruhiwa, atibiwe kwanza, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ifuatiliwe bila kuchelewa. Piga picha za majeraha siku hiyo hiyo, andika namba za askari na saa, kisha upeleke malalamiko ya maandishi kwa mkuu wa kituo. Usiposikilizwa, nenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Daktari naye aambiwe jinsi mgonjwa alivyoshikwa, alifungwa wapi na kwa muda gani, maana alama za kamba hufifia upesi.