Mbegu ya muhogo, angalia mzizi kwanza

Wale wa Unguja na Pemba mnaoomba mbegu ya muhogo kwa jirani, msiangalie urefu wa mti tu. Ugonjwa wa michirizi kahawia hujificha, juu mti umenawiri lakini chini muhogo umeoza madoa makavu ya kahawia na ukiupika ndo kabisa haulainiki, na mtu ushamaliza msimu unasubiri kuuza futari ya Ramadhani bei ikipanda. Sasa mkiwa bado kondeni tazameni majani ya chini yale yaliyokomaa, yakiwa na manjano kufuata mishipa achana na mti huo, na majani machanga yaliyojikunja yale ni batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, mti huo nao usichukue. Halafu siku ya kung'oa mkate mzizi vipande vipande mpaka mkiani, sio kipande kimoja cha juu, ukikuta doa hata dogo mti wake usiukate mbegu.

Kama mnaweza kupata aina za muhogo zinazoitwa Kizimbani, Mahonda, Kama au Machui, hizo zilitolewa Zanzibar 2007 kwa ajili ya maradhi haya haya, muulizeni bwana shamba wenu. Ila hata hizo msizichanganye na miti yenye ugonjwa manake nzi weupe wanahama na maradhi. Muhogo wa zamani mnaoupenda kwa kupika na nazi usiutupe, upande kwenye kipande chake cha shamba mbali kidogo, mbegu yake uikague vilevile kila mkivuna.